Maharamia wametoka wapi? Nilivyomkosea Shangazi kwa kitabu nilichokipenda mno

Shangazi yangu alivunjika mguu, akafungwa plasta, akaambiwa akae kitandani wiki sita. Yeye ni msomaji hasa. Riwaya huimaliza siku mbili, na ukimkuta anasoma hakuitikii mpaka afike mwisho wa sura. Wiki ya pili alikuwa amemaliza kila kitu kilichomo ndani, akanipigia simu: "Mwanangu, hebu niletee hivyo vitabu vyako vya picha, nami nione unachokiona humo."

Nasoma vitabu vya katuni tangu utotoni. Miaka yote hiyo ndugu zangu wameniona kama mtu mzima anayechezea gari la udongo. Kwa hiyo simu ile niliipokea kama mtu aliyeshinda kesi ya siku nyingi. Sikumuuliza anapenda nini wala macho yake yakoje. Nilikwenda moja kwa moja kabatini nikatoa kitabu ninachokiheshimu kuliko vyote, nikampelekea jioni ileile.

Nilimpelekea Watchmen.

Wanaozijua katuni hapa wameshashika kichwa. Kwa wasiojua: ni hadithi iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, ikatoka kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, kisha yakaunganishwa kuwa kitabu kimoja kinene. Imesukwa kama saa. Ukiirudia mara ya tano bado unagundua kitu kimejificha pembeni mwa picha. Nilipoisoma mara ya kwanza sikulala.

Nilirudi baada ya siku tisa. Kitabu kilikuwa juu ya stuli, kimelala kifudifudi, na alama ya kurasa imechomoza mapema mno.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Hawa watu wako wote wanajuana, mgeni ni mimi tu. Halafu katikati wametokea maharamia. Maharamia wametoka wapi?"

Nikaanza kueleza. Kwamba kuna kijana ndani ya hadithi amekaa kwenye kibanda cha magazeti anasoma katuni ya maharamia, na sisi tunaisoma pamoja naye. Kwamba ni maharamia kwa sababu katika dunia ile mashujaa wenye vinyago wapo kweli, hivyo hakuna anayetaka kuwasoma kwenye katuni. Kwamba hapo ndipo penye utamu. Shangazi aliniangalia kama mtu anayefafanuliwa mzaha baada ya wengine kumaliza kucheka.

"Sawa," akasema. "Na yule mwanamke aliyevamiwa na mwenzake, hilo nalo uliona nilione nikiwa kitandani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Katika sura ya pili kuna tukio la jaribio la ubakaji, limechorwa waziwazi. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilikuwa nimekisoma zamani, na kichwani mwangu kilichobaki ni ufundi tu: namna sura moja inavyojikunja katikati kama kioo, namna saa inavyosogea dakika hadi dakika. Tukio lenyewe lilikuwa limefutika. Tangu siku ile simpi mtu kitabu ambacho sijakipitia upya mwezi huohuo, hata kama nina hakika nakijua. Hasa kama nina hakika nakijua.

Nilikaa na aibu ile siku kadhaa, na katika kuitafuna nikaanza kuelewa swali la maharamia. Watchmen inagombana na vitabu vingine. Inagombana na kila shujaa aliyevaa nguo za kubana tangu Superman alipotokea kwenye jarida la katuni la Action Comics, nambari 1, mwaka 1938. Mimi nililelewa ndani ya ugomvi huo, najua nani alimtukana nani. Shangazi aliingia kama mtu anayepita dirishani kwa wanandoa wanaofokeana: sauti anazisikia, kisa hakijui. Na nusu ya vitabu ambavyo wapenzi wa katuni tunaviita bora kuliko vyote viko hivyo. Ni majibu. Vinampendeza aliyewahi kulisikia swali.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinishtua zaidi. Nilimwomba anionyeshe alivyokuwa anasoma. Akafungua ukurasa, wenye visanduku tisa vya picha kama kurasa nyingi za kitabu kile, na kidole chake kikaruka: kiputo cha maneno, kiputo, kiputo, geuza. Labda sekunde kumi na tano.

"Na picha?"

"Picha nimeziona. Si mapambo?"

Mwanamke aliyesoma maisha yake yote! Na ndiyo maana hasa. Mazoea ya kusoma riwaya yamemfunza kwamba habari imo ndani ya maneno, kwa hiyo macho yake yaliwinda maneno. Katika katuni, mara nyingi maneno yanasema hili na picha inasema lile, na hadithi imo kwenye ule mvutano. Zaidi ya hapo kuna mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Mtu ameinua shoka. Kisanduku kinachofuata ni mji usiku na kelele. Nani kapiga? Ni wewe msomaji, hapo kwenye mwanya. Mchoraji wa katuni Scott McCloud alitoa kitabu kizima mwaka 1993 kueleza mambo haya, nacho chenyewe kimechorwa kama katuni. (Ni kizuri sana. Msimpe mgeni. Hakuna anayejifunza kuogelea kwa kusomewa habari za maji.)

Kuna na mambo madogo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Maneno ya katuni nyingi za Kiingereza huandikwa kwa herufi kubwa tupu, tena ndogo kwa kimo, zimebanwa. Mtu anayesoma Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu, tena aliyezoea herufi ndogo za riwaya, anaweza kuchoka upesi akipewa herufi kubwa tupu. Shangazi alikuwa anavaa miwani na bado anakunja uso. Mimi niliona anachukia hadithi. Kumbe alikuwa anachoka macho.

Na Shangazi hakuwa wa kwanza niliyemharibia hamu ya katuni.

Kabla yake kulikuwa na mwenzangu wa kazini. Huyu alinikuta nasoma wakati wa mapumziko akauliza, kwa nia njema tu, "Hivyo si vya watoto?" Mtu mwenye busara angecheka na kumwonyesha ukurasa. Mimi nilimhutubia. Nilimwambia habari za Maus ya Art Spiegelman, jinsi mchoraji alivyosimulia maisha ya baba yake aliyeponea kwenye kambi za Wanazi, Wayahudi wakichorwa panya na Wajerumani paka, na kwamba ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Nilizungumza mapumziko yote. Mwisho akakiazima, nadhani ili ninyamaze. Akakirudisha baada ya miezi mitatu na neno moja, "Kizuri," na risiti aliyoifanya alama ikiwa bado imo ukurasa wa 12. Hatukuzungumzia katuni tena. Tuzo inaweza kumfanya mtu akiheshimu kitabu, lakini kitu unachokiheshimu unakiweka rafu ya juu.

Kisha mpwa wangu, mwenye miaka 13. Aliona filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, akaja mbio: "Anko, vitabu vyake naanzia wapi?" Swali rahisi kabisa. Jibu langu lilijaza karatasi pande zote mbili. Nilimwandikia kwamba mhusika huyo alitokea mara ya kwanza mwaka 1966 katika Fantastic Four nambari 52, kwamba kuna mfululizo wa mwaka 1998 ulioandikwa na Christopher Priest, kuna ule wa 2016 wa Ta-Nehisi Coates, na katikati kuna mingine ya kurukwa na ya kutorukwa. Nikachora na mishale. Alikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akaenda kucheza mpira.

Simlaumu. Katuni za Marekani za mashujaa zina ugonjwa wa namba, na sisi tulioishi nao tumesahau kwamba ni ugonjwa. Chukua Action Comics hiyohiyo. Ilianza nambari 1 mwaka 1938, ikahesabu hadi 904, mwaka 2011 ikarudi nambari 1, na mwaka 2016 ikaghairi na kuendelea na 957. Sasa mtoto anayetafuta "nambari 1" atajuaje ipi ni ipi? Anayejaribu kuanza mwanzo kwenye hadithi za namna hii hafiki popote, kwa sababu mwanzo wenyewe umeanzishwa mara kadhaa. Ukilazimika kumpa mtu shujaa, mpe kitabu kimoja kilichounganishwa, chenye mwanzo na mwisho ndani ya jalada moja, na umwambie asijali chochote kilichotangulia. Matoleo membamba ya kila mwezi usimpe. Kila moja hukatika pale moyo unapoanza kwenda mbio, na mgeni hana uvumilivu huo bado.

Mpwa nilimpata baadaye kwa njia nyingine. Nilimuuliza swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza: kwenye ile filamu ulipenda nini? Nilitarajia aseme mavazi au magari. Akasema, "Wale ndugu wawili kugombana, halafu yule mbaya ana haki kidogo." Kumbe mavazi hayakumhusu. Nikamtafutia Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, hadithi ya ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao na kulipa kwa miili yao. Ni manga, yaani katuni ya Kijapani, ina juzuu 27, na imekwisha tangu mwaka 2010. Hilo la kwisha lina uzito. Ipo manga maarufu, One Piece, iliyoanza mwaka 1997, na juzuu ya 100 ilitoka mwaka 2021 safari ikiwa inaendelea. Naipenda. Lakini kumpa mtu juzuu yake ya kwanza ni kumtwisha deni.

Hata hapo nilikosea. Manga hufunguliwa kutoka upande ambao sisi tunauita nyuma, na visanduku vyake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Vitabu vingi vilivyotafsiriwa huwa na ukurasa wa kuonya, naye aliuruka, kama tunavyoruka sote masharti kabla ya kubonyeza "nakubali". Alianza mwisho. Alinipigia kulalamika kwamba watu wanajibiwa kabla ya kuuliza. Dakika moja ya kumwonyesha kwa kidole ingetosha.

Basi turudi kwa Shangazi. Plasta ilikuwa bado wiki tatu, na mimi nilikuwa na nafasi moja ya kujirekebisha, maana mtu akikuvumilia mara mbili ya tatu hatakusikiliza. Nilitaka kitabu kisichodai ujue chochote, kisicho na herufi za kumchosha macho, na ambacho macho yake hayatapata pa kukimbilia. Nilizunguka kabati langu nusu saa. Jibu lilikuwa chini kabisa, limelala kwa sababu ni kubwa halisimami: The Arrival, ya mchoraji wa Australia Shaun Tan, ya mwaka 2006.

Kitabu hicho hakina neno hata moja. Mwanamume anamwacha mkewe na binti yake, anapanda meli kwenda nchi ya mbali kutafuta maisha. Picha zote ni za rangi ya kahawia na kijivu, kama picha za zamani zilizokaa sandukuni. Nchi anayofika ina wanyama wasiojulikana na mashine zisizoeleweka, na maandishi yake ni ya kubuni, kwa hiyo msomaji hawezi kuyasoma, kama mgeni mwenyewe asivyoweza. Shangazi, mimi, na profesa wa Kiingereza tunakifungua tukiwa sawasawa.

Safari hii sikusema kitu. Nilikiweka, nikamsalimia, nikaondoka. Ilinigharimu, kwa sababu kuna sehemu ninazozipenda na nilitamani kuwepo atakapozifikia. Lakini nilijua tayari kinachotokea mtu akisoma huku umemkodolea macho: anasoma uso wako.

Siku ya nne alipiga simu. "Hiyo mikia mikubwa inayopita juu ya mji wao mwanzoni, ni ya mnyama gani?"

Ulimi uliniwasha. "Wewe unaonaje, Shangazi?"

Akanyamaza. "Mimi naona si mnyama. Ni shida yenyewe imechorwa, ile inayomfanya mtu aondoke kwao." Kisha akakata simu, yeye haagi.

Siku ya saba alipiga usiku. Nilidhani ni mguu. "Una kile kitabu chako karibu? Ala, kumbe ninacho mimi. Basi sikiliza. Ukurasa wa kwanza kuna vitu tisa vya nyumbani kwao: ndege wa karatasi, saa, kofia, birika, na vinginevyo. Umeviona?"

"Nimeviona."

"Sasa nenda sura ya mwisho. Wamevichora tena. Vilevile, tisa, kila kitu mahali pake, ila ni vitu vya ile nchi ngeni. Maana yake sasa kule ndiko kwao."

Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho labda mara sita. Sikuwahi kuliona hilo. Nilimwambia hivyo, na sijawahi kumsikia akicheka vile tangu aumie. Mtu aliyeuliza kama picha si mapambo alikuwa sasa anapindua kurasa mbele na nyuma akilinganisha visanduku.

Kilichofuata kilikuwa mteremko. Nilimpa Aya ya Marguerite Abouet, iliyochorwa na Clément Oubrerie, visa vya wasichana watatu wa Yopougon, mtaa wa Abidjan nchini Ivory Coast, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna vita, hakuna njaa, kuna mapenzi, uongo, na wazazi wanaojifanya hawaoni. Juzuu ya kwanza ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2005, tafsiri ya Kiingereza ipo. Alimlaani Adjoua, mmoja wa wasichana hao, kwa sauti. Alimaliza akaniuliza zimebaki ngapi, sauti ileile anayoulizia riwaya. Herufi bado zilimsumbua. Tulitatua kwa taa ya mezani. Kusoma kwenye simu nilimkataza kabisa, kwa kuwa ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya karatasi ukiuminya kwenye kioo cha simu unaupanua na kuusukumasukuma mpaka unapoteza picha nzima. Katuni za Korea Kusini zinazochorwa makusudi kwa simu, za kushuka chini kwa kidole, hizo ni jambo jingine. Mpwa anazisoma kuliko mimi sasa, na ananipendekezea. Ana haraka kama yangu: juzi alinitumia majina kumi na moja kwa mpigo. Sijafungua hata moja.

Fedha nilizopoteza katika haya yote ni zangu za kulilia mwenyewe. Kati ya pupa yangu na aibu yangu nilinunua vitabu vinne ambavyo hakuna aliyevisoma, kwa sababu nilidhani mgeni akipewa vingi atachagua. Hachagui. Anaona rundo na kulikwepa. Siku hizi natoa kimoja, na kwanza natafuta cha kuazima, maktaba au kwa rafiki, ndipo ninunue kikishapendwa.

Mguu umepona. Miezi miwili iliyopita Shangazi aliniomba "kitu kizito kidogo", nikampelekea Maus, nakala ileile iliyorudi kutoka kazini, risiti nimeitoa. Nilimwambia kwa sentensi moja inahusu nini na kwamba haina haraka. Iko juu ya kabati la sebuleni, mgongo umeelekea nje. Kila nikienda kumsalimia naiona palepale, wakati mwingine nadhani imesogea kidogo, wakati mwingine sina hakika. Simuulizi.